Diski ya Usafi

Mwaka wa tisini na sita, kama ungeuliza Makongeni ya Thika nyumba ya Mama Safaa, ungeelekezwa kwenye chumba cha kompyuta, kwa sababu ndiko alikoshinda kutwa. Alishika fagio, kitambaa cha vumbi na funguo tatu zilizofungwa kwa uzi mwekundu, na hakuna mtu aliyeingia mle na viatu vya matope yeye akitazama. Awe mwenyekiti, awe mgeni wa kutoka Nairobi, alivua. Jina lake hasa ni Zainab, lakini hilo lilikuwa la kitambulisho na la kliniki tu. Mtaani alikuwa Mama Safaa, na Safaa alikuwa mwanawe wa pekee.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya ukumbi wa kijamii, mahali pa kuweka viti vilivyovunjika. Kisha ikaja Kampuni. Ilikuwa kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta, makao yake makuu ng'ambo, matawi yake kila pembe ya dunia, na tawi la Kenya lilikuwa Nairobi kwenye jengo refu la vioo. Ilikuwa na jina lake refu la Kizungu, lakini watu waliliacha ukutani lilikopakwa rangi, wao wakasema Kampuni, basi. Tawi hilo likapiga rangi stoo, likavuta stima, likaleta mashine sita, likasema watu wa Makongeni wasome bure.

Najua yanayosemwa, kwamba makampuni haya huja kutafuta jina. Sawa, walitafuta. Ukuta mzima waliuandika, na siku ya kufungua walipiga picha mpaka watoto wakachoka kutabasamu. Lakini Nakhumicha, aliyekuwa akimenya mananasi kiwandani kwa kibarua cha siku, alijifunza pale miezi sita akaajiriwa kuandika vitu vya stoo kwenye kiwanda kile kile alichokuwa akimenyea. Sasa anakaa ofisini, kwenye kiti cha kuzunguka. Usinambie hilo si kitu.

Mwalimu alikuwa Safaa. Alikuwa amesomea upigaji chapa mjini Thika, akafanya kazi ya kupiga barua kwenye ofisi moja ya Eneo la Viwanda, na Kampuni ilipotafuta mwalimu ikampata yeye, msichana wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye kucheka na kila mtu. Siku nne alifundisha Makongeni. Jumanne na Alhamisi alikwenda Mwihoko kule Ruiru, ambako Kampuni ilikuwa imekodi chumba kingine chenye mashine nne. Jambo la kwanza alilowaomba wakubwa wake lilikuwa mtu wa usafi, na mtu huyo awe mama yake.

"Miaka kumi na moja kiwandani nanasi linakula vidole vyako," alimwambia Zainab. "Inatosha, mama. Njoo uniangalizie chumba."

Zainab akaja. Mwanzoni aliziogopa zile mashine, akizipangusa kwa mbali kama mtu anayempangusa mbwa wa jirani. Baadaye akazizoea.

Sasa, taabu ilikuwa vitabu. Vitabu vya Kampuni vilikuja vya Kizungu, tena Kizungu cha kujikunja, na waliokuwa wakija kusoma wengi walikuwa akina mama wa sokoni na vijana walioacha shule darasa la saba. Walivikodolea macho, wakavifunga. Safaa akaviweka kando. Alikaa kwenye mashine ya sita, ile ya dirishani aliyojiwekea mwenyewe, akaanza kuandika masomo yake kwa Kiswahili. Somo la kwanza lilianza hivi: "Usiogope. Haiumi, haichomi, na ukikosea haitakuambia mtu." Watu walilisoma kwenye kioo wakacheka, na aliyecheka, mara nyingi hukaa. Akaandika la pili, la tatu, akafika la thelathini na moja.

Siku moja akaja Lynn, dada wa tawi la Nairobi aliyehusika na vituo vya mitaani. Alikuja kukagua mashine. Safaa akamwonyesha somo la kwanza, Lynn akasoma amesimama, akasoma la pili, halafu akavuta kiti. Alipoondoka alikuwa ameahidi kwamba Kampuni itayachapisha yote yawe kitabu, kisomwe katika vituo vyake vyote vya nchi hii, na jina la Safaa liwe kwenye jalada.

Tangu siku hiyo Zainab hakulala na lingine moyoni. Mtu ambaye ukoo wake mzima haukuwahi kuandikwa popote ila kwenye vitabu vya chifu, leo mwanawe awe na kitabu. Alikuwa akiuliza jambo moja kila juma.

"Jina litakuwa mbele ama nyuma?"

"Mbele, mama."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kubwa mpaka utachoka."

Hapa lazima nieleze juu ya diski ya usafi, maana ndiyo iliyoleta yote. Kila mwisho wa muhula mashine za wanafunzi zilikuwa zimejaa takataka: majina yao waliyoandika mara mia, barua za kuchezea, michoro ya nyumba. Safaa alitengeneza diski moja, akabandika karatasi juu yake na kuandika USAFI kwa wino mwekundu. Unaitia kwenye mashine, unawasha, nayo inafuta kila kitu kilichomo, kisha inapanga programu upya juu yake. Baada ya nusu saa mashine inarudi kama siku iliyotoka kwenye katoni. Lakini kabla haijaanza, inaandika kwenye kioo swali ambalo Safaa mwenyewe aliliweka kwa Kiswahili: UNA UHAKIKA? N ni ndiyo, H ni hapana.

Mara ya kwanza Zainab alirudisha mkono. "Safaa, inaniuliza."

Safaa alikuwa chini ya meza ya pili anafunga waya. "Bonyeza N, mama. Hiyo ni adabu yake tu, kama mtu anayebisha hodi mlango ukiwa wazi."

Akabonyeza, na hakuna kilicholipuka. Muhula uliofuata aliziosha mashine tano peke yake, na akajisikia fundi. Ya dirishani haikuoshwa kamwe, kwa kuwa ilikuwa ya mwalimu.

Mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na saba, Safaa alimaliza somo la mwisho. Alikuwa akikohoa tangu Krismasi na amepungua hata leso inamzunguka mara mbili, lakini alikataa kumtuma mtu. Alitia masomo yote kwenye diski yake ya mkobani, ile aliyokuwa akiibeba kila alipokwenda Mwihoko na kurudi, akaipeleka Nairobi mwenyewe. Alirudi jioni, midomo imekauka, amefurahi.

"Nimewakabidhi mkononi," alisema.

Mwezi wa nne hakuweza kuamka. Madaktari walisema kifua, wakasema na mengine kwa sauti ya chini, na Zainab hakuuliza zaidi kwa kuwa aliona. Mwezi wa sita, siku ya Jumatano asubuhi, Safaa akafa. Zainab alimwosha mwenyewe, pamoja na wanawake wawili wa msikitini, maji ya uvuguvugu, mara tatu, polepole. Wenzake walitaka kumpumzisha akakataa. Hakulia mpaka alipomaliza kazi, na alipoanza hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Arobaini ilipofika, khitma ilisomwa, watu wakala, na siku ya pili Zainab akaketi uani na masufuria makubwa ya kuazima, ya msikiti. Unamjua mtu asiyeweza kurudisha chombo cha watu kikiwa na masizi? Ndiye huyo. Aliwahi kununiana na jirani yake Gathoni mwaka mzima kwa sababu ya sufuria iliyorudi na ukoko wa wali chini. Kwa malezi yake, chombo cha kuazima kinasuguliwa kwa jivu ndani na nje, mpaka mwenyewe akikipokea ajue ulimheshimu. Aliyasugua masufuria yale kutwa nzima, mikono ikauma, na kuuma kwenyewe kukamsaidia kidogo.

Kazi hakuacha. Kampuni ilituma mwalimu wa muda, kijana mpole aliyekuja siku mbili kwa wiki, na mashine ya dirishani Zainab akaifunika. Hakuna aliyeigusa. Alikuwa anangoja kitabu. Siku za mwisho, Safaa akiwa hawezi hata kushika kikombe, alikuwa amemwambia, "Kikitoka, mama, cha kwanza chako." Zainab aliyashika maneno hayo, akawa anahesabu miezi.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumatatu, ikaja barua kutoka Kampuni, ya Kizungu, mistari minne. Mzee Ndambuki, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, akavaa miwani akaisoma, kisha akamweleza.

"Mama Safaa, wanakuja Ijumaa. Wanachukua mashine."

"Zote? Hata ya dirishani?"

"Zote sita, ndivyo walivyoandika. Sababu hawakusema."

Ndambuki hakumdanganya, wala hakukosea kusoma. Barua ilisema hivyo tu, na aliyeiandika si mtu wa kwanza kuandika barua fupi akidhani msomaji atajua yaliyomo kichwani mwake.

Basi Zainab akajua mashine ni za watu na wenyewe wanazitaka. Lililobaki kwake lilikuwa namna ya kuzirudisha. Jumanne alifua vifuniko vyote sita. Jumatano alipangusa kibodi, herufi moja moja, kwa pamba iliyolowa spiriti. Alhamisi asubuhi akatoa diski ya usafi kwenye droo, akaosha mashine ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Kila moja iliuliza, na kila moja aliijibu.

Kwenye ya dirishani aliketi muda mrefu. Aliiwasha, akafungua somo la kwanza kama alivyofundishwa, akasoma: usiogope, haiumi. Alisikia sauti ya Safaa kabisa, mpaka akageuka. Akafungua na mengine, akasoma mpaka macho yakachoka. Kisha akawaza. Masomo yako Nairobi, mtoto aliyapeleka kwa mkono wake mwenyewe, na watu wa jengo la vioo hawapotezi kitu. Haya yaliyomo humu ni mabaki ya sufuriani tu. Na watakaoichukua ni akina nani? Vijana wasiomjua, watapekua maandishi ya mwanawe kama mtu anayepekua mifuko ya nguo ya marehemu. Roho yake ilikataa. Mtoto alimtoa duniani akiwa safi, na chombo alichokitumia nacho kitatoka safi.

Akatia diski, akawasha. UNA UHAKIKA?

Akabonyeza N upesi, kama alivyozoea.

Ijumaa saa nne likaja gari la Kampuni, nyuma limejaa katoni. Akashuka Lynn, na pamoja naye Eddie, fundi wa tawi, kijana wa Ruiru aliyewahi kumfungia Safaa nyaya za Mwihoko. Lynn alimkumbatia Zainab, akampa pole kwa mara nyingine, kisha akasema ana habari njema leo. Katoni zile zilikuwa mashine mpya. Za zamani zinarudi Nairobi kukarabatiwa ziende kituo kingine. "Na hii nimekuletea wewe kwanza," akasema, akatoa bahasha ya kaki.

Ndani mlikuwa na jalada. Karatasi nene inayong'aa, rangi ya kijani, picha ya kibodi, na juu yake, mbele, kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote: SAFAA AYUB. Zainab aliishika kwa ncha za vidole. Ayub ndilo jina la marehemu mumewe. Wote wawili walikuwa pale, mtoto na baba.

"Tunachapisha mwezi wa kumi na moja," Lynn akasema. "Eddie anataka tu kuyatoa masomo kwenye mashine ya Safaa, halafu tuondoke nayo."

Zainab akainua uso. "Si mnayo? Aliwaletea mkononi."

"Alituletea, ndiyo. Lakini ile diski ilikuwa imechoka, halikufunguka hata somo moja. Tulimwandikia mwezi wa tano atume nyingine. Hakujibu, na sisi hatukujua kama ni mgonjwa namna ile."

Mwezi wa tano barua zote alizoletewa Safaa zilikuwa chini ya mto wake, hazikufunguliwa. Zainab alizikuta baadaye, na barua ya mtu mwingine yeye hakuzoea kuifungua.

Eddie alikuwa tayari ameketi dirishani. Alibonyeza hiki na kile, akabonyeza tena. "Lynn," akaita kwa sauti ndogo, "huku hakuna kitu. Imesafishwa."

Mzee Ndambuki alikuwa mlangoni, amevua kofia.

"Nimeiosha mimi," Zainab akasema. "Jana. Nilidhani mnaichukua, na chombo cha watu... nilidhani mnayo kule."

Eddie alihangaika na ile mashine mpaka adhuhuri, na alichopata kilikuwa vipande vya herufi visivyounga neno. Akaeleza kwa upole kwamba ingekuwa imefutwa tu angejaribu, lakini diski ile ilikuwa imepanga vitu vipya juu ya vya zamani. Safaa aliitengeneza vizuri mno. Waliibeba mashine kwenda Nairobi wakajaribu zaidi, na baada ya wiki mbili wakapiga simu kwa Ndambuki. Haikuwezekana.

Watu walimwambia Zainab si kosa lake. Walisema ni mapenzi ya Mungu, wakasema ni Kampuni iliyoandika barua nusunusu. Yote aliyasikia. Lakini usimdanganye mtu aliyebonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Alikuwa akikiangalia kidole hicho akila, akiswali, akifunga mlango. Nywele zake zilipata mvi zote mwaka ule.

Makongeni hakupata mwenye hata ukurasa mmoja, na kabla mwaka haujaisha akaenda Mwihoko. Aliwaza kwamba kule nako Safaa alifundisha miaka miwili, huenda kuna kitu. Mtunza chumba, aliyeitwa Ndung'u, alimfungulia mashine zote nne. Hazikuwa na masomo. Safaa alikuwa akija na diski yake, akimaliza anaondoka nayo. Ndung'u akawaita wanafunzi, akina mama wakaja na madaftari, lakini ndani waliandika vitufe vya kubonyeza tu, hiki kisha kile. Maneno ya Safaa hayakuwemo.

Zainab alipokuwa akishukuru ili aondoke, akaja Wakonyo, mama wa sukuma wiki, mikono bado ina udongo, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Safaa, mimi niko na moja," alisema. "Nilikuwa nashindwa na hili somo kila siku, mwalimu akanichapia nikalale nalo. Pole, imechafuka kidogo."

Zainab alitoka nje kwenye mwanga, akakunjua. Juu paliandikwa Somo la Kumi na Nne. Akasoma, kidole kikifuata mstari.

"Mashine ikitaka kufuta kitu itakuuliza: una uhakika? Usijibu upesi. Ondoa mkono, hesabu mpaka tatu, soma kilichoandikwa, ndipo ujibu. Nina mama yangu Makongeni anayetunza chumba chetu. Yeye hubonyeza N swali halijaisha kutokea, utadhani anafukuza kuku. Kosa ni langu. Alikuwa anaziogopa mashine, nami nikamwambia swali ni adabu tu, kwa kuwa sikutaka aogope. Siku moja nitakaa naye nimweleze vizuri. Nyinyi msimwige."

Wakonyo anasema Mama Safaa alicheka. Alicheka kwa nguvu mpaka Ndung'u akatoka kutazama, halafu akaketi chini kwenye vumbi la Mwihoko na ile karatasi kifuani. Walimkalisha kwenye kiti, wakampa maji.

Kitabu hakikuchapishwa. Lynn alitaka ule ukurasa angalau autie kwenye jarida la Kampuni, na Zainab, ambaye hajawahi kumnyima mtu kitu, alimnyima huo. Aliuweka ndani ya jalada la kijani na kulifunga. Hicho ndicho kitabu cha Safaa, jalada moja na ukurasa mmoja, kiko kabatini chini ya leso zake.

Chumba bado anakifagia, lakini diski ya usafi alimkabidhi mwalimu na hajaigusa tena. Na ukimuuliza jambo lolote siku hizi, hata kama ni chai iongezwe sukari ama basi, hatakujibu papo hapo. Ataondoa mkono mezani, atanyamaza. Wageni hudhani uzee umemfikia masikio. Sisi tunaomjua tunangoja, kwa sababu anahesabu mpaka tatu.